Wauguzi wamejaza "nakubali kabisa" kila mahali, lakini usiku wanasema mengine. Niandike kipi?

#1 Staji_Himbi (Goma)
Habari zenu. Niko mwaka wa mwisho wa uuguzi. Kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu namna wauguzi wanavyoyaona mazingira ya usalama wa mgonjwa pale wanapofanyia kazi. Nimegawa karatasi za maswali katika hospitali moja ya mji. Jina nalihifadhi, msiniulize.

Maswali ni yale ya kuchagua, kuanzia "sikubali hata kidogo" mpaka "nakubali kabisa". Makosa yanashughulikiwa inavyostahili? Nikileta jambo la usalama kwa wakubwa, linafuatiliwa? Ningeugua, ningejiona salama kutibiwa hapa?

Karatasi zimerudi. Nakubali, nakubali, nakubali kabisa. Ukizisoma utadhani tuko Geneva. Shida ni kwamba nimefanya staji (mafunzo ya kazi) humo humo, zamu za usiku, na nimewasikia wale wale waliojaza wakiongea karibu na jiko la makala (makaa): serumu (dripu) iliyowekwa kwa mtoto siye, daktari anayetukana akiamshwa, glovu zinazooshwa na kuanikwa. Mmoja aliniambia "mama yangu mzazi simleti hapa". Karatasi yake ninaitambua kwa mwandiko, amejaza kwamba yeye angejiona salama.

Mwalimu wangu anasema andika matokeo kama yalivyotoka. Naona nitakuwa nimeandika uongo wenye jedwali. Nyinyi mlio kazini, kwa nini watu wanajaza hivi?

#2 MamaWaSerumu (Goma)
Kabla ya yote, mtoto wangu: karatasi zilikusanywa na nani?

#3 Staji_Himbi
Sefu wa sevisi (mkuu wa kitengo) alinisaidia, mama. Kila mtu alitia yake ndani ya bahasha kubwa mezani kwake. Lakini hakuna majina. Nimeuliza umri, jinsia, kiwango cha masomo (A2, A1, au A0 ambayo ndiyo ya juu) na miaka ya kazi tu.

#4 MamaWaSerumu
Haya. Katika sevisi yetu mwanamke wa A0 aliye chini ya miaka 30 ni mmoja. Umeandika jina lake bila kuandika jina.

#5 Kadutu_Juu (Bukavu)
Mama wa #2 amemaliza yote. Dogo, bale batu habadanganyake, banaogopa. Mi niko mu hii kazi siku mingi, matrikule ya Leta (namba ya mutumishi wa serikali) sina, jina yangu iko tu ku liste ya primu (marupurupu) ya hospitali. Sefu akikasirika, mwezi inayokuja ile jina haiko tena. Sasa ule sefu njo anaokota makaratasi! Ungekuwa ni wewe, ungeandika nini?

#6 Mzee_wa_Kigoma
Wakuu, nawasalimu kutoka ng'ambo ya ziwa. Msimtishe huyu dogo. Hayo maswali yametungwa na Shirika la Afya Duniani na yamejaribiwa dunia nzima. Majibu yakitoka mazuri, basi hali ni nzuri. Mbona mnalazimisha ubaya?

#7 Karatasi_na_Kalamu (Bukavu)
Mzee, hapana. Kwa maswali aliyoyataja, dogo anatumia yale ya Chuo Kikuu cha Texas: Bryan Sexton na wenzake waliyachapisha 2006, na waliyachonga kutoka maswali yaliyokuwa yakiulizwa marubani wa ndege. Yale mengine yanayotumika sana katika hospitali za Marekani yalitolewa 2004 na wakala wa serikali yao uitwao AHRQ. Shirika la Afya Duniani lina yake: siku ya usalama wa mgonjwa kila 17 Septemba, iliyopitishwa 2019, na mpango wa 2021 hadi 2030. Haya ya kujaza si yake.

Staji, sikiliza. Katika ya Texas kila jibu linageuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, na kuanzia 75 ndiyo inahesabiwa kuwa mtazamo mzuri. Lakini ndani yake kuna maswali yaliyopinduliwa makusudi. Mfano: "Hapa ni vigumu kusema ukiona tatizo katika kumhudumia mgonjwa." Fungua karatasi zako uangalie walijaza nini hapo.

#8 Staji_Himbi
Asante Karatasi. Nimeangalia sasa hivi. Wengi wamejaza nakubali kabisa hapo pia. Yaani wakubwa wanasikiliza vizuri, na papo hapo ni vigumu kusema.

#9 Karatasi_na_Kalamu
Basi hawakusoma. Kalamu iliteremka tu upande mmoja mpaka chini ya ukurasa. Tabia hiyo inajulikana, na swali lililopinduliwa liliwekwa humo ili kuikamata.

#10 MamaWaSerumu
Au walisoma, na jibu ni hilo hilo. Sefu wangu wa zamani alikuwa anasikiliza vizuri sana. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kusema: kila alichosikia alikipandisha juu.

#11 Kadutu_Juu
😂😂 Mama, utaniua.

#12 Katuba_Mbili (Lubumbashi)
Jambo bote. Miye siko munganga, niko ku Lubumbashi, natumika mu kampuni ya mine, upande wa usalama wa batumikaji. Ile maneno munasema, shiye tunaiyua zamani. Niendelee polepole ili hata Mzee wa Kigoma asikie.

Jambo hili la kupima mazingira ya usalama halikuanzia hospitali. Dov Zohar, 1980, aliwauliza wafanyakazi wa viwanda 20 vya Israeli wanaonaje wakubwa wao wanavyojali usalama. Hospitali zimeazima baadaye. Na ugonjwa wa viwandani mmeazima pamoja nao: kwetu getini kuna ubao mkubwa wa siku zilizopita bila ajali, na ubao ukisoma vizuri kuna bonasi. Nimeona mtu amevunjika kidole akapelekwa kliniki ya mtaani kwa teksi ili ubao usirudi sifuri. Wenzake ndio walimchangia nauli. Walimpenda, na bonasi waliipenda zaidi.

Kwa hiyo swali langu kwa Staji: hiyo hospitali ina mfadhili anayelipa primu kwa kuangalia alama? Mimi ningeanzia hapo.

#13 Staji_Himbi
Kuna washirika wanaokuja na karatasi ya kupima ubora, ndiyo, na primu ya robo mwaka inategemea alama. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

#14 Kadutu_Juu
Sasa umeunganisha. Kwa macho yao wewe ni mutu wa kupima ubora mwenye alikuja bila gari.

#15 Dr_Kimya (Goma)
Mimi ni daktari, nitatukanwa, sawa. Hofu ipo, sipingi. Lakini mnaitwika kila kitu. Naona jambo la pili: watu wanajaza kwa kulinganisha. Unamuuliza muuguzi wa Goma kama hapa ni salama. Salama kuliko nini? Januari 2025 hospitali za mji zilifurika majeruhi wa vita, watu wamelala korido na kwenye mahema. Kabla ya hapo, Mei 2021, volkano, mji umehamishwa na wagonjwa wamebebwa mgongoni. Mtu aliyefanya kazi siku hizo, leo ana kitanda kimoja kwa mgonjwa mmoja na oksijeni inayofanya kazi, kwa nini asijaze nakubali kabisa? Kipimo chake kimehama.

Na kuhusu madaktari wanaotukana wakiamshwa: wapo. Wapo pia wauguzi wanaomwamsha daktari saa tisa usiku kumwambia mgonjwa "hayuko vizuri", bila joto, bila presha, bila jina la dawa anayopata.

#16 Zamu_ya_Usiku (Goma)
Daktari, presha tungekuambia kama mashine ya presha ingekuwa na betri. Betri ilienda kwenye saa ya ofisi ya utawala. Sitanii.

Hebu tuseme idadi pia. Usiku ni mimi na stajieri mmoja kwa pavilio (wodi) nzima. Utafiti wa Marekani ulionyesha muuguzi akiongezewa mgonjwa mmoja tu, 7% ya wagonjwa wanakufa. Hesabu mwenyewe kwetu ni wangapi.

#17 Karatasi_na_Kalamu
Zamu, taratibu. Linda Aiken, 2002, hospitali 168 za Pennsylvania, wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 ulipanda kwa 7% kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa. Yaani kama ulikuwa 2 katika 100, unakuwa kama 2.14. Si kwamba 7 kati ya 100 wanakufa. Lakini hoja yako inabaki, kwa sababu ongezeko hilo linarudi kila unapoongeza mwingine, na kule walikuwa wanazungumzia wagonjwa wanne hadi wanane kwa muuguzi. Kwako hata jedwali lao halifiki.

#18 Zamu_ya_Usiku
Sawa, 7% ya mwalimu. Betri bado haijarudi.

#19 *Ujumbe umeondolewa.*

#20 Msimamizi
#19 imetaja jina la hospitali na la mkurugenzi wake. Simulieni kesi, majina myaache nyumbani. Endeleeni.

#21 MamaWaSerumu
Niwape kesi, ndipo mtaona kwa nini watu wazima tunajaza kama watoto wa shule.

Pavilio ya watoto, hospitali nisiyoitaja. Akina Furaha walikuwa wawili, umri karibu sawa, wote malaria kali. Bangili za jina hakuna. Tuliwaita Furaha wa dirishani na Furaha wa mlangoni. Mchana mvua ikaingia dirishani, mama akasogeza kitanda. Zamu ikabadilika, makabidhiano yakafanywa kwa mdomo huku watu wamevaa makoti ya kwenda nyumbani. Usiku damu imeletwa ya Furaha wa dirishani. Muuguzi ameshatundika mfuko, amebakiza kufungua bomba, mama anamwambia: "Muganga, wangu hawajamwandikia damu, wamemwandikia vidonge." Ndiyo iliyomwokoa yule mtoto. Si sisi.

Sefu tuliyekuwa naye wakati ule hakupiga kelele. Huyu si yule wa #10. Alinunua daftari kwa pesa yake, akaliweka kwenye droo ya chumba cha dawa. Hakuna jina la muuguzi wala la mgonjwa, unaandika tu kilichotaka kutokea. Mwanzoni hakuna aliyegusa. Yeye akaandika la kwake kwanza. Baada ya hapo tukaandika mpaka tukacheka: ampuli ya maji na ampuli ya potasiamu zimekaa sanduku moja, zote plastiki, zote mililita kumi, na taa ni ya simu. Tulizitenganisha siku ile ile, potasiamu ikahamia kabati lenye kufuli. Tukaanza kuuliza jina la mtoto na jina la mama yake, kila dawa, hata kama unamjua.

Halafu sefu akahamishwa. Aliyekuja alilikuta daftari. Alilisoma lote jioni moja, akafananisha mwandiko na fishi za wagonjwa. Wiki iliyofuata watu walipata barua ya kuombwa maelezo, ile ya kujibu ndani ya saa 48.

Sasa mletee mtu aliyekuwa pale karatasi yako, mwanangu, umuulize kama makosa yanashughulikiwa inavyostahili.

#22 Katuba_Mbili
Mama, nimesoma mara mbili. Na nabashiri: wakati wa daftari, sevisi yenu ndiyo ilionekana mbaya kuliko zote.

#23 MamaWaSerumu
Ndiyo hivyo. Kwenye mkutano wa mwezi tulikuwa tunatolewa mfano wa uzembe. Sevisi jirani ilikuwa na makosa sifuri na vifo vingi.

#24 Karatasi_na_Kalamu
Hili limeandikwa vitabuni. Amy Edmondson, 1996, aliangalia sevisi za hospitali mbili Marekani akitegemea kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akapata kinyume: zenye uongozi mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyojulikana. Alieleza kwamba huko watu walithubutu kuyasema. Kwa hiyo Staji, hata alama nzuri peke yake haikuambii kitu mpaka ujue daftari lao lina nini.

#25 Zamu_ya_Usiku
Daftari letu lina tarehe na mistari.

#26 Klorini (Goma)
Mimi sikubaliani na wote mnaosema hofu. Wakati wa Ebola tulikuwa na hofu zaidi, na usalama ulikuwa juu. 2018 ilipoingia Goma nilikuwa kwenye lango la kupima joto. Hakuna aliyepita bila kunawa klorini, awe mkurugenzi, awe askofu. Sefu akisahau, mfagiaji anamrudisha. Ugonjwa ulipoisha, ndoo zikageuka za kufulia. Mwajua kwa nini? Kwa sababu kosa la Ebola lilikuwa linamuua muuguzi. Kosa la serumu linamuua mgonjwa. Siandiki kwa uchungu, naandika nilichoona.

#27 Dr_Kimya
Klorini, Goma ni Julai 2019. Mlipuko wenyewe ulitangazwa 1 Agosti 2018 upande wa Mangina, Goma ilifikiwa na mchungaji mmoja mgonjwa aliyekuja kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baada ya kuthibitishwa kwake, Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa.

#28 Klorini
Malango yalikuwepo kabla hajafika, daktari. Nililipwa primu tangu 2018, tarehe hiyo naijua vizuri.

#29 Kadutu_Juu
Umesema primu! Njo ile. Primu iliisha na klorini ikaisha. Klorini, usituletee roho ya mufagiaji hapa 😂

#30 Mlinzi_wa_Mgonjwa (Katindo)
Mnaongea wauguzi na madaktari, ngoja aongee anayelala chini ya kitanda. Mama yangu alilazwa mwaka jana. Mimi ndiye nilikuwa naangalia serumu inaisha saa ngapi na kwenda kumwamsha yaya (muuguzi) wa zamu. Mimi ndiye nilikwenda kutafuta sindano, glovu na dawa famasi ya nje na ordonansi (cheti cha dawa) mkononi. Saa za dawa nilikuwa naandika kwenye kipande cha karatoni ya sabuni. Siku moja pesa iliisha, antibiotiki ya usiku sikuinunua. Asubuhi kwenye fishi kuna alama kwamba imetolewa.

Sikupiga kelele. Yule yaya alikuwa amenisaidia kumgeuza mama usiku kucha na mgongo wake unauma. Lakini mnapouliza usalama, mbona karatasi hazituulizi sisi?

#31 Zamu_ya_Usiku
Ndugu, pole kwa mama. Ile alama nitakueleza inavyokuja, bila kuitetea. Usipoiweka, asubuhi wanakuuliza kwa nini hukutoa. Ukijibu familia haikununua, wanakuuliza kwa nini hukutoa taarifa. Ukijibu ulitoa, wanauliza iko wapi kwa maandishi. Alama ni fupi kuliko hayo yote.

#32 Mlinzi_wa_Mgonjwa
Nimekuelewa. Daktari aliyesoma ile fishi aliongeza dozi akidhani dawa imeshindwa.

#33 Dr_Kimya
Hii ndiyo inayonitoa usingizini. Naamua kwa kusoma karatasi ambazo sote tunajua zimejazwaje.

#34 Mzee_wa_Kigoma
Wakuu, nimekaa kimya nasoma. Niseme moja la kujenga. Kuna ile orodha ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya 2008. Ilijaribiwa hospitali nane duniani, na moja ilikuwa kwetu Tanzania, Ifakara. Vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%. Nyie mna kilio tu, leteni orodha, watu wafuate, kwisha.

#35 Karatasi_na_Kalamu
Safari hii Mzee umepiga penyewe, tarakimu ni hizo. Ila ongeza ya pili. Ontario, Kanada, hospitali 101 ziliamriwa kuitumia, na utafiti wa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kuhesabika. Wapo wanaosema muda ulikuwa mfupi, wapo wanaosema kule vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo, wapo wanaosema watu walijaza visanduku bila kusimama na kusemezana. Hawajapatana mpaka leo.

#36 MamaWaSerumu
Orodha tunayo ukutani, chumba cha upasuaji. Kuna mahali pa kujitambulisha kwa jina kabla ya kupasua. Nani atamwambia profesa "jitambulishe"? Tunajaza mgonjwa akiwa ameshatoka.

#37 Mzee_wa_Kigoma
Kwetu profesa anajitambulisha.

#38 Kadutu_Juu
Kwenu hata samaki njo wanajitambulisha, tunajua. Leta mugebuka, acha siasa.

#39 Katuba_Mbili
Mugebuka wa Kigoma na bukari ya Katanga, njo kikao. Tuko pamoja.

#40 Dr_Kimya
Turudi. Mnaosema Ulaya na Marekani wanaripoti kwa uhuru, msikuze. Katika yale maswali ya AHRQ, zaidi ya nusu ya waliojibu Marekani walikuwa wakisema hawajaripoti tukio hata moja kwa miezi 12, na kipengele cha kutoadhibu kosa kilikuwa miongoni mwa vya chini kabisa. Kuna muuguzi wa Tennessee, 2017, alichukua dawa ya kulegeza misuli yote badala ya dawa ya kumtuliza mgonjwa. Mgonjwa alikufa. Muuguzi alisema mwenyewe mara moja. 2022 mahakama ikamkuta na hatia ya kuua kwa uzembe, akapewa miaka mitatu ya uangalizi bila kwenda jela. Wauguzi wa kule walijiuliza kwa sauti: sasa nani atasema tena? Na wao wana bangili za kompyuta.

#41 Zamu_ya_Usiku
Kwetu hatufiki mahakamani. Familia inafika kwanza, na mawe.

#42 Imani_Ndosho
Sivyo kila mara. Familia nyingi zinasema Mungu amempenda zaidi, zinachukua mwili, zinashukuru hata muuguzi. Mimi naona hapo ndipo penye shida: hakuna anayedai, kwa hiyo hakuna anayeandika. Mgonjwa akifa ni mapenzi ya Mungu, akipona ni dawa zetu.

#43 Zamu_ya_Usiku
Njoo ulale nasi zamu moja ya Jumamosi, ndipo urudie hiyo ya kushukuru.

#44 Staji_Himbi
Wakubwa zangu, asanteni. Mpaka sasa nina hofu, primu, kipimo kilichohama, uchovu, daftari lililosalitiwa, mapenzi ya Mungu na kalamu iliyoteremka. Sijui hata moja nitaipima vipi. Bado lile swali la "ningejiona salama kutibiwa hapa" linanisumbua zaidi. Niliondoe?

#45 MamaWaSerumu
Usiliondoe. Mimi ningejaza nakubali kabisa, na si uongo. Nikilala pale wananijua. Hakuna atakayenichanganya na mtu, nitapewa kitanda cha karibu na meza, na yule anayejua kupata mshipa ndiye ataitwa. Swali limeuliza mimi. Halikuuliza mama wa Furaha.

#46 Kadutu_Juu
Mi pia banajua. Juu ya ile, ningeandika sikubali hata kidogo.

#47 Karatasi_na_Kalamu
#45 ni kitu kipya kabisa kwangu. Staji, kama bado una nafasi, ongeza swali linalouliza kuhusu mgonjwa asiyejulikana na mtu hapo, aliyekuja peke yake, bila pesa. Halafu linganisha. Na rudia ukusanyaji: ondoa umri na kiwango, weka sanduku lenye kufuli mahali ambapo si mezani kwa mtu. La mwisho, uliyoyasikia kwenye jiko la makala usiyaandike. Wale hawakujua kama wanahojiwa. Nenda ukawaombe ruhusa, wakikataa, nyamaza.

#48 Klorini
Akinyamaza, tunarudi kwenye jedwali la uongo.

#49 Karatasi_na_Kalamu
Akiandika, anafanya alichofanya yule aliyefananisha miandiko.

#50 Sefu_wa_Zamu (amejiunga leo)
Nimetumiwa huu uzi na mtu. Mimi ni sefu wa sevisi, hospitali isiyo ya Staji huenda, au ndiyo, haidhuru. Mnatuweka wote kwenye kiti cha polisi. Karatasi za wanafunzi tunazikusanya kwa sababu mwanafunzi hana nauli ya kurudi mara kwa mara na watu wanazisahau mifukoni. Mimi pia nimejaza, na nimejaza nakubali. Juu yangu kuna mkurugenzi wa uuguzi, juu yake kuna mkurugenzi wa hospitali, na juu yao wote kuna mwenye pesa. Muuguzi akiandika kosa, barua ya maelezo inaanzia kwangu: sefu, ulikuwa wapi? Yule aliyefananisha miandiko, simtetei, lakini mliwahi kujiuliza yeye aliulizwa nini juu?

#51 Kadutu_Juu
Karibu mama. Umejiunga saa nne kamili, saa ya kazi 😂

#52 Sefu_wa_Zamu
Niko mapumziko ya kisheria.

#53 MamaWaSerumu
Mama Sefu, nakusalimu kwa heshima. Nikuulize basi: daftari la droo, ungelikubali kwako?

#54 Sefu_wa_Zamu
Daftari hapana, miandiko inajulikana. Sanduku ningekubali, karatasi ndogo, alama tu za kuchagua. Ila ufunguo nisikae nao mimi, kesho nitaulizwa kilichomo.

#55 Dr_Kimya
Akae nao daktari?

#56 Zamu_ya_Usiku
Hapana. Nusu ya karatasi zitakuwa zinakuhusu.

#57 Imani_Ndosho
Mhudumu wa kiroho wa hospitali. Amezoea kutunza siri.

#58 Zamu_ya_Usiku
Yuko kwenye kamati ya uongozi. Anakaa kulia kwa mkurugenzi.

#59 Mlinzi_wa_Mgonjwa (Katindo)
Wapeni familia za wagonjwa. Kila wiki mtu mwingine, hamjui nani.

#60 Sefu_wa_Zamu
Na wiki ambayo mgonjwa wake ndiye yumo kwenye karatasi?

#61 Kadutu_Juu
Mi nasema mufagiaji. Anaingia fasi yote, hakuna mwenye anamuogopa, na ule wa Klorini alirudisha hata sefu ku lango.

#62 Katuba_Mbili
Mfagiaji njo nani anamulipa?